Ahadi ya Manabii na Mapadre Wanne wa Rubya

Katika siku za yubilei ni desturi kuhesabu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, watu waliobatizwa, shule, hospitali, na mapadre waliotoka katika vijiji vyetu. Hesabu hiyo ni njema, wala hatuidharau. Lakini kabla ya kuhesabu tuliyoyapata yatupasa kuuliza tuliahidiwa nini. Maana mtu asiyeijua ahadi hawezi kutambua kwamba imetimia. Atakula matunda ya mti asijue aliyeupanda. Kwa hiyo twataka kueleza hapa jambo moja tu: namna neno la manabii wa Israeli, lililonenwa yapata miaka 2400 kabla, lilivyotimia Rubya, katika nchi ya Ihangiro, tarehe 15 Agosti 1917, na namna kutimia kwake kulivyowagharimu wale waliolingoja.

Manabii walinena nini

Mwaka 587 kabla ya Kristu jeshi la Babeli liliuteketeza mji wa Yerusalemu pamoja na hekalu lake, na watu wengi wakachukuliwa mateka. Mwaka 538 Koreshi, mfalme wa Uajemi, akawapa Wayahudi ruhusa ya kurudi kwao. Waliorudi walikuwa wachache na maskini. Walijenga hekalu upya, lakini wazee waliolikumbuka lile la kwanza walilia walipouona msingi wa hili la pili.

Watu wanyonge namna hiyo aghalabu hujifungia ndani na kuwaogopa wageni. Tena ukuhani wao haukuwa kazi ya kuchaguliwa. Ulikuwa urithi wa kabila la Lawi, na katika kabila hilo ni wana wa Haruni tu walioruhusiwa kutoa sadaka altareni. Mwisraeli wa kabila jingine, hata angekuwa mtu mwema kupita wote, hakuweza kuwa kuhani. Basi mtu wa mataifa angewezaje?

Ndipo twasoma ajabu. Katika sura ya mwisho ya kitabu cha Isaya, sehemu ambayo wataalamu wa Maandiko wanasema iliandikwa baada ya kurudi kutoka Babeli, Mungu anaahidi kwamba atawakusanya watu wa mataifa yote na lugha zote. Atapeleka wajumbe mpaka nchi za mbali na visiwa vya mbali, kwa watu ambao hawajapata kusikia habari zake. Na katika watu watakaoletwa, asema, atawatwaa wengine wawe makuhani na Walawi. Wataalamu hawapatani wote juu ya neno hili: wako wasemao kwamba watakaotwaliwa ni Wayahudi waliotawanyika, na wako wasemao kwamba ni watu wa mataifa wenyewe. Lakini Wakristu, wakilisoma katika nuru ya Kristu, wameona humo mlango uliofunguliwa kwa kila kabila.

Nabii Malaki naye, akiwakemea makuhani wa Yerusalemu waliotoa sadaka ya wanyama vipofu na viwete, alitangaza kwamba jina la Mungu litatukuzwa katika mataifa toka maawio ya jua hata machweo yake, na kwamba kila mahali itatolewa sadaka safi. Wakristu wa karne za kwanza waliliona neno hilo kuwa habari ya Ekaristi. Limetajwa katika kitabu cha zamani sana kiitwacho Didake. Mtakatifu Yustino shahidi alilieleza katika karne ya pili. Na Mtaguso wa Trento ukalirudia mwaka 1562 ulipofundisha juu ya sadaka ya Misa.

Iko ahadi ya tatu, ambayo haitajwi mara nyingi, nayo imo katika sura ya 56 ya Isaya. Humo Mungu asema na watu wa namna mbili waliodhani kwamba hawana sehemu kwake: mgeni na towashi. Mgeni asiseme kwamba ametengwa na watu wa Mungu. Naye towashi, asiyeweza kupata mtoto, asijiite mti mkavu. Maana Mungu atampa katika nyumba yake jina lililo bora kuliko kuwa na wana na mabinti, jina lisilofutika. Tuiweke moyoni ahadi hii, kwa kuwa tutaihitaji tutakapofika Rubya.

Kristu na mtu wa Ethiopia

Ahadi hizi zote zilitimia kwanza katika Bwana wetu Yesu Kristu. Yeye mwenyewe hakuzaliwa katika kabila la Lawi bali la Yuda. Na Barua kwa Waebrania inaeleza kwamba ukuhani wake si wa urithi wa damu, bali ni kwa mfano wa Melkisedeki. Kwa hiyo tangu Kristu, kuhani haulizwi tena amezaliwa na nani. Anaulizwa kama ameitwa na Mungu, na kama Kanisa limemkubali.

Tena katika Matendo ya Mitume twasoma habari za mtu wa Ethiopia, msimamizi wa hazina ya malkia wake. Alikuwa akirudi kutoka Yerusalemu, ameketi katika gari lake, akisoma kitabu cha Isaya asifahamu maana yake, hata Filipo akamfasiria na kumbatiza. Mtu huyu alikuwa mgeni, tena alikuwa towashi. Sehemu aliyokuwa akisoma ni ile ihusuyo Mtumishi wa Mungu aliyepelekwa kama kondoo machinjoni, yaani sura ya 53. Kama angeendelea kusoma kidogo tu, angezikuta sura chache mbele ahadi zilizomhusu yeye mwenyewe. Basi Mwafrika huyo aliipata ahadi katika siku za Mitume, lakini kwetu sisi, watu wa nchi za Ziwa Viktoria, ilikawia sana.

Namna ilivyofika kwetu

Tarehe 17 Februari 1879 Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, na Bruda Amans walifika pwani ya Buganda. Walikuwa wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe, lililoanzishwa huko Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, naye baadaye akafanywa Kardinali. Tangu mwanzo Lavigerie alifundisha kwamba Afrika itaongoka kwa kazi ya Waafrika wenyewe; wageni ni watu wa kuanzisha tu. Miaka michache ikapita, na kati ya 1885 na 1887 Wakristu wa Buganda wakaimwaga damu yao kwa ajili ya imani.

Mwaka 1892 vita vikatokea Mengo, na Askofu Jean-Joseph Hirth, mzaliwa wa Alsace, akakimbilia kusini pamoja na Wakristu wengi. Hivyo mwaka ule ule misioni ya Kashozi ilianzishwa karibu na Bukoba, nayo ni mama wa misioni zetu za upande huu. Mambo haya tuyatafakari. Tukio ambalo kwa macho ya kibinadamu lilikuwa kushindwa na kukimbia, ndilo lililotuletea Injili.

Mwaka 1894 vikariati ile kubwa ya Nyanza iligawanywa, na Askofu Hirth akapewa sehemu ya kusini. Naye hakungoja mpaka Wakristu wawe wengi, wala mpaka makanisa makubwa yajengwe. Mwaka 1904 akaanza seminari huko Rubya, kwa watoto ambao wengi wao wazazi wao walikuwa bado hawajabatizwa. Watu wengi wa zamani zile, Wazungu na hata wenyeji, waliona jambo hilo kuwa ni haraka mno. Walisema Mwafrika aweza kuwa katekista mwema, lakini upadre ni mzigo mzito, na Kilatini na teolojia ni vya watu waliozaliwa katika ukristu kwa karne nyingi. Lakini yeye alisoma Maandiko yale yale tuliyoyataja, asione humo kwamba ahadi ya Mungu ina sharti la kungoja karne nyingi.

Watoto walikuja Rubya kutoka Buhaya. Wengine walivuka ziwa kutoka kisiwa cha Ukerewe. Wengine tena waliiacha milima ya Rwanda, kwa maana Rwanda nayo ilikuwa chini ya Askofu huyo huyo. Lugha zao zilikuwa mbalimbali, na wafalme wao pia; hapo Rubya waliketi juu ya benchi moja, wakajifunza sarufi moja, wakasali sala moja. Tangu seminari ilipoanza mpaka siku ya mapadre wa kwanza ilipita miaka 13. Katika miaka ile hakuna aliyejua kama hata mmoja wao atafika altareni.

Deni la wazazi

Sasa twafika kwenye jambo lililokuwa gumu kupita Kilatini. Kwa wazee wetu wa Buhaya mtu ni mtu wa ukoo, na ukoo una kibanja chake cha migomba, ambacho baba humwachia mwanawe. Makaburi ya wazee yamo humo. Mtu akifa bila mtoto, nani atalitaja jina lake? Nani atakitunza kibanja? Mtu wa namna hiyo alihesabiwa kuwa amepotea kabisa, kana kwamba hakupata kuzaliwa. Huko Ukerewe na Rwanda nako watu walithamini uzao kuliko mali.

Mzazi aliyemtoa mwanawe kwenda Rubya aliombwa kitu hicho hasa. Hakuombwa mbuzi wala ng'ombe, bali wajukuu wake. Wala hatudhani kwamba wale waliokataa walikuwa watu wabaya; waliwapenda watoto wao kwa namna waliyoijua. Nao waliokubali, wengi wao hawakuweza kueleza kwa maneno sababu ya kukubali. Lakini sisi, tukiyatazama mambo hayo kwa mbali, twaona kwamba ile ahadi ya Isaya ya jina lililo bora kuliko wana na mabinti ilikuwa imewajia nyumbani kwao, ikagonga mlango, ikangoja jibu.

Na tazama lilivyotimia. Zaidi ya miaka 100 imepita. Wanaume wengi wa siku zile waliozaa watoto kumi, majina yao hatuyajui tena. Lakini majina ya vijana wanne wasiooa yanatajwa hata leo: Oscar Kyakaraba na Wilbard Mupapi, wa Bukoba, Angelo Mwirabure na Celestine Kipanda, wa Ukerewe.

Siku yenyewe

Mwaka 1917 haukuwa mwaka wa amani. Mwezi wa Juni 1915 Waingereza waliushambulia mji wa Bukoba, na mwaka 1916 utawala wa Wadachi ukaondoka katika nchi zetu. Mwaka uliofuata vita vilikuwa vikiendelea bado kusini mwa Tanganyika, na maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, wengi wao wasirudi. Mataifa ya Ulaya, yaliyotuletea wamisionari, yalikuwa yakichinjana wenyewe kwa wenyewe. Mtu angeweza kuuliza: je, ukristu ndio huu?

Katika mwaka huo, tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Askofu Joseph Sweens, Mholanzi aliyeipokea vikariati baada ya Askofu Hirth, aliwapa vijana wale wanne daraja takatifu la upadre huko Rubya. Wakawa mapadre wenyeji wa kwanza wa Kanisa Katoliki katika nchi yote iitwayo leo Tanzania Bara. Kadiri ya ibada ya Kanisa walilala kifudifudi mbele ya altare wakati wa litania ya Watakatifu wote. Askofu akawawekea mikono kichwani. Mikono yao ikapakwa mafuta matakatifu. Mikono ile ilikuwa ya watoto wa wakulima wa migomba na wa watu wa kisiwani. Tangu siku ile ikaitoa sadaka safi aliyoinena Malaki.

Wawili kati yao, kama tulivyosema, walitoka kisiwani. Nabii alipotaja visiwa vya mbali alifikiri nchi za Bahari ya Mediterania. Jina la Ukerewe hakulijua. Lakini Mungu aliyemwagiza kunena alizijua pwani zote, hata za maji yetu. Wala hatusemi kwamba ahadi ilitimia Rubya peke yake. Huko Villa Maria, katika Buganda, Askofu Henri Streicher alikuwa amewapa upadre Bazilio Lumu na Victor Mukasa Womeraka tarehe 29 Juni 1913. Ahadi ya Mungu ni kama mvua ya masika: hushuka nchi kwa nchi, na kila shamba hupata zamu yake.

Mpandaji na mvunaji

Askofu Hirth hakuwako kama mwenye shamba siku ya mavuno ya Rubya. Mwaka 1912 alipewa vikariati mpya ya Kivu, akaenda kukaa Rwanda. Bwana wetu alisema kwamba mmoja hupanda na mwingine huvuna, na neno hilo lilimpata Hirth kwelikweli. Hata hivyo Mungu hakumwacha bila faraja. Tarehe 7 Oktoba 1917, kabla miezi miwili haijatimia, aliwapa upadre huko Kabgayi Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, mapadre wa kwanza wa Rwanda, ambao nao walikuwa wamesoma Rubya. Akafa huko Rwanda mwaka 1931.

Tena tukumbuke mpango wa miaka. Barua ya Baba Mtakatifu Benedikto XV, iliyowahimiza maaskofu wa misioni zote duniani kuwalea mapadre wenyeji kwa malezi kamili, wala si kwa kazi za kusaidia tu, ilitoka tarehe 30 Novemba 1919. Rubya ilikuwa imekwisha kutenda miaka miwili kabla.

Na siku ile ya Agosti 1917 alikuwako huko Kamachumu mtoto wa miaka mitano, ambaye alikuwa hajabatizwa bado. Alibatizwa mwaka 1921, akasoma Rubya, kisha Katigondo katika Uganda, akapewa upadre mwaka 1943 na uaskofu mwaka 1952. Jina lake Laurean Rugambwa. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya Kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza katika zama zetu kupewa cheo hicho. Alifariki tarehe 8 Desemba 1997, na mwaka 2012 mwili wake ulirudishwa kuzikwa katika kanisa kuu la Bukoba. Mapadre wale wanne walipolala kifudifudi hawakumjua mtoto huyo. Lakini mlango alioupitia, wao ndio waliotangulia kuupita.

Habari hii yatufundisha nini

Kwanza, yatufundisha namna ya kuzisoma ahadi za Mungu. Siku hizi wako watu wanaozigeuza kuwa ramli. Hutwaa aya moja, wakaahidi kwa aya hiyo mali, au safari, au siku ya mwisho wa dunia, na maskini wakatoa fedha zao. Ahadi za manabii si za namna hiyo. Ile ya makuhani wa mataifa ilingoja karne nyingi. Na ilipofika kwetu haikumtajirisha mtu, bali iliwadai wazazi watoto wao, na watoto ikawadai maisha yao yote. Mwalimu akitaka kuwaonya wanafunzi wake juu ya manabii wa uongo, na awaambie waulize swali moja: ahadi hii yanidai nini? Ahadi isiyodai kitu kwa anayeitangaza, ila kwa msikilizaji tu, haikutoka kwa Mungu.

Pili, yatukataza majivuno. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Warumi kwamba watu wa mataifa ni matawi ya mzeituni wa mwituni yaliyopandikizwa katika mzeituni wa shambani, na tawi halilichukui shina, bali shina ndilo lilichukualo tawi. Ahadi tuliyoipokea ilipewa kwanza Abrahamu na uzao wake, nao Wayahudi wangali wapendwa wa Mungu, kama Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulivyokumbusha mwaka 1965. Hatukunyang'anya urithi wa mtu, tumeshirikishwa.

Tatu, yatukumbusha kwamba kupokea si mwisho. Waswahili husema, ahadi ni deni. Mungu alikuwa na deni kwetu kwa neno lake mwenyewe, akalilipa Rubya. Sasa deni limegeukia upande wetu. Katika sura ile ile ya Isaya, wanaookolewa hawaketi Yerusalemu wakifurahi. Wanatumwa kwenda kwa wale ambao hawajasikia. Papa Paulo VI alipofika Kampala mwaka 1969 aliwaambia Waafrika jambo hilo hilo, kwamba sasa wao wenyewe ndio wamisionari wa bara lao. Kama wazazi wa mwaka 1904, ambao wengi wao hawakuwa Wakristu bado, waliweza kumtoa mtoto wa kuirithi migomba yao, sisi tuliobatizwa tangu utoto tutajibu nini Mungu akiugonga mlango wetu?

Seminari ya Rubya ingali inasomesha vijana. Kila mwaka watoto wanaingia na masanduku yao, na katika kila nyumba waliyotoka yuko mzazi anayeuliza moyoni mwake swali la wazee wale. Parokia isiwaache wazazi hao peke yao. Tuwaombee, tuwasaidie karo kadiri ya uwezo wetu, na tuwafundishe watoto wetu majina yale manne kama tunavyowafundisha majina ya babu zao; maana Kyakaraba, Mupapi, Mwirabure na Kipanda hawakuacha mtoto hata mmoja wa damu, na sisi sote tulioipokea Ekaristi mikononi mwa mapadre wa nchi hii tu uzao wao.

Mungu, aliye mwaminifu katika maneno yake yote, asifiwe milele. Amina.